Wiki Niliyomchekesha Bwana Chilufya

Jumatatu, 11 Novemba

Shikamoo, dada Eneless. Shikamoo na shemeji Fackson, pamoja na mgongo wake. Mama hajambo? Na macho yake? Mwambie kile kitambaa alichonishonea nakifunga kazini kila siku, na Madamu amekisifu. Wasalimie Lackson na mke wake, na yule mtoto wao ambaye sijamwona bado. Mwambieni ana bibi huku mjini Kabwe anayemuwaza. Msalimie Loveness kama amerudi kwa mumewe. Kama hajarudi, msalimie zaidi. Wasalimie wote wa ng'ambo ya kijito, isipokuwa yule unayemjua. Mimi mzima. Mwanangu Tisunge mzima, bado yuko chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka wa mwisho.

Najua simu yako imetumbukia kisimani. Basi nitaandika kidogo kidogo kila siku humu daftarini, halafu nimpe dereva wa basi la Katete akuletee.

Sasa kaa chini, dada. Kuna jambo!

Leo Madamu Inonge, bosi wetu, ametuita wote chumba cha mkutano. Mgeni wa makao makuu anakuja Ijumaa. Anakuja kuamua kama ofisi yetu ya mbegu ibaki hapa Kabwe au ifungwe, kila kitu kihamie Lusaka. Ikifungwa, sote nyumbani. Mimi nyumbani! Na Tisunge naye nyumbani, na vitabu vyake, bila cheti. Nilishika sinia la vikombe kwa nguvu, vikawa vinalia vyenyewe.

Halafu likaja baya zaidi. Madamu akasema atakayezungumza na mgeni kwa niaba ya wafanyakazi ni yule aliyekaa hapa miaka mingi kuliko wote. Watu wakaanza kutazama sakafu. Aliyekaa miaka mingi ni Bwana Chilufya.

Nilishakuambia habari za Bwana Chilufya, karani wa ghala? Ukimuuliza ameamkaje, anasema ameamka, hilo ndilo tatizo. Astridah wa mapokezi alipojifungua, sote tulishangilia. Yeye akasema baridi inakaribia. Tulipomkatia Madamu keki ya siku ya kuzaliwa, akasimulia habari za mtu wa Ndola aliyekabwa na keki. Kalenda mpya ikitundikwa ukutani, anaitazama, anasema huu nao utaisha.

Basi mtu huyo ndiye atakayeitetea ofisi! Akasimama pale pale, akakohoa, akasema, "Nitamwambia mgeni ukweli wote."

Uwiii.

Lakini mimi sikukata tamaa. Nikafikiri: mtu mchungu anahitaji sukari. Nikamwekea kwenye chai vijiko vitano! Nikakoroga kwa upendo, huku nikimwombea. Akaonja. Akaweka kikombe chini polepole, akauliza kama tumeamua yeye aondoke kabla ya ofisi.

Hajamaliza kikombe. Nimekinywa mimi. Sasa sipati usingizi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeamka na akili mpya! Mtu anayenung'unika ni mtu asiyesifiwa. Nani aliwahi kumsifu Bwana Chilufya? Hakuna. Hata mimi sikuwahi.

Nikawapitia watu mmoja mmoja na ufagio wangu. Nikamwambia Astridah amsifu uso. Nikamwambia mlinzi wa getini amsifu shati. Nikamwomba Madamu, kwa adabu, amsifu kazi. Madamu alinitazama kwanza, halafu akasema kwa hali tuliyo nayo atajaribu chochote.

Asubuhi ikaenda vizuri kupita kiasi. Mlinzi akasifu shati. Astridah akamwambia anaonekana kijana, ngozi inang'aa. Madamu akatoka ofisini kwake mwenyewe kumwambia ghala lake limepangika. Nami nikamalizia. Nikamwambia macho yake leo yana nuru.

Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akavuta ngozi ya chini ya jicho. Akauliza, "Mama Tisunge, mmeniona nimekonda?"

Nikasema hapana, tunamsifu tu. Akasema watu hawamsifu mtu mzima bure, wanamsifu anayekwisha. Kaka yake walimsifu hivyo hivyo Machi yote. Akachukua kofia yake, akaenda kliniki kupanga foleni. Amerudi saa tisa. Wamempima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Anasema vipimo vyao vibovu.

Madamu amenikataza kumsifu mtu yeyote bila ruhusa.

Lakini dada, sikiliza! Mchana, nilipokuwa nafuta meza ya Astridah, nikamuuliza mtu huyu kwao ni wapi hasa, mbona hata likizo anarudi amenuna. Akasema Luwingu. Mbemba wa Luwingu, damu tupu! Wakati wote nilidhani ni wa huko Mbala, kabila jingine.

Mbemba! Na mimi Mngoni! Miaka yote hii nimeishi ofisi moja na mtani wangu, nikampa chai kwa heshima kama mkwe!

Nimeitoa ile kamba ya fahali aliyonipa shemeji Fackson nilipohama, ile ndefu, nifungie mizigo. Naicheka tu. Kesho!

Jumatano, 13 Novemba

Nilifika kabla ya wote. Nikakichukua kiti cha Bwana Chilufya, nikakifunga kwenye nondo za dirisha la ghala, mafundo juu ya mafundo, kama mwizi. Nikasubiri na ufagio.

Akaingia. Wakulima walishajaa, maana msimu umefika, kila mtu anataka mbegu kabla ya mvua. Akatafuta kiti. Nikasimama mbele ya wote, mikono kiunoni.

"Wee mla nyani," nikamwambia, kama tunavyowaita Wabemba wote, "kiti chako nimekiteka. Sisi Wangoni tuliwateka babu zako, kiti ni kitu gani? Kikombozi ni kicheko kimoja. Cheka, nikufungulie."

Wakulima wakapiga makofi! Mzee mmoja akafuta machozi. Astridah akakimbia kujificha nyuma ya kaunta. Mimi mwenyewe nilikuwa na furaha na woga, dada, maana mtu yule ni mkubwa kwangu. Lakini utani ni utani. Mtani akitukanwa hakasiriki, akikasirika analipa kuku.

Hakukasirika. Hakucheka vile vile. Akawaandikia wakulima mbegu amesimama, na uso ule ule wa matanga. Wakawa wanampa pole.

Saa nne nikaleta chai. Akafungua mafundo yangu yote, bila haraka, akaikunja kamba, akaitia kwenye droo yake na kufunga kwa ufunguo. Akasema kamba imetekwa. Halafu akakaa, akaonja chai, akainua kikombe watu wote wakione.

"Mtani wangu," akasema, "chai hii ameogea panya. Na kwa harufu yake, ni panya wa kwenu Katete, alikuwa hajaoga tangu azaliwe."

Ghala zima likalipuka! Na mimi nikafanyaje? Utani niliufungua mwenyewe. Nikinuna, kuku ni wangu. Nikacheka hadi mashavu yakauma. Nikaingia jikoni nikainusa ile chai. Haina panya, dada. Nimeinusa tena na tena.

Sasa nimempa ruhusa. Hilo ndilo nililolifanya! Zamani alisema mabaya kwa kunong'ona. Sasa anasema kwa sauti, na mimi natakiwa kucheka.

Alhamisi, 14 Novemba

Kutwa nzima mtani wangu, mtani wangu. Mtani wangu, sakafu hii umeifuta kwa tope? Mtani wangu, dirisha hili mlikuwa mnalitumia kukaangia? Wakulima wanamsubiri aseme. Mmoja alitoka foleni kwenda kumwita mwenzake aje asikie.

Na kesho ndiyo Ijumaa!

Nilikaa jikoni nikashika kichwa. Mawazoni nikamwona Tisunge amebeba sanduku lake, anashuka basi. Nikamwona anauza nyanya na lile vazi lake jeupe. Nikalia kidogo. Halafu machozi yalipokauka, akili ikaja yenyewe!

Mdomo uliojaa hauongei. Nitakaanga vitumbua, vile vizito vya Mama, vya ndizi mbivu, vinavyoganda kwenye fizi. Kesho nitasimama nyuma ya Bwana Chilufya. Akifungua mdomo, kitumbua. Akimeza, kingine. Mgeni atarudi Lusaka bila kusikia neno.

Jioni wakati natoka kununua unga nilipita ghalani. Nikamkuta Bwana Chilufya peke yake, mikono ya shati amekunja, anapandisha magunia ya mbegu juu ya matofali na mbao. Mengine ameshayafunika kwa maplastiki, na ameyafunga kwa kamba yangu! Kamba ya shemeji!

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mvua ya kwanza iko karibu, na paa litavuja. Lilivuja mwaka jana, likavuja mwaka juzi, na amelisema mpaka ulimi umechakaa. Kesho atalisema tena.

Nikamwonea huruma. Maskini, ofisi haijafungwa, yeye ameshaanza kufunga mizigo. Nikamsaidia kushika plastiki upande mmoja, maana mgongo wake nao si mzuri. Akaniambia nimeishika vibaya.

Nakwenda kukaanga.

Ijumaa, 15 Novemba

Dada, kaa chini tena! Tafadhali soma polepole, usije ukaruka kitu!

Mgeni alifika saa tatu. Mtu mnene, mpole, tai nyekundu. Madamu akamkaribisha, akamtaja: Bwana Jere. Jere! Mngoni! Na kweli, nilipompa maji ya kunawa nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, akaitikia, akasema kwao ni nje kidogo ya Chipata, huko huko kwetu.

Wote tukaingia chumba cha mkutano. Nikaweka sahani ya vitumbua mbele ya Bwana Chilufya, karibu kabisa, nikasimama nyuma yake tayari. Bwana Jere akavuta pua. Akauliza hiyo harufu ni ya ndizi? Akanyoosha mkono, akaivuta sahani yote upande wake.

Akala kimoja. Akala kingine. Nilimtazama anavyokula, nikawa nahesabu. Vikabaki vitumbua viwili, halafu kimoja. Mdomo wa Bwana Chilufya ulikuwa mtupu kama debe!

Madamu akasema sasa mfanyakazi wetu wa siku nyingi atatoa maneno machache. Nikaona vidole vya Madamu vimeshikana chini ya meza. Bwana Chilufya akasimama. Akatoa karatasi mfukoni. Karatasi ndefu!

Sikufikiri, dada. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikainama kama namwongezea mgeni chai, nikamnong'oneza, "Mheshimiwa, usishangae. Huyu ni mtani wetu. Mbemba wa Luwingu."

Bwana Jere akaacha kutafuna.

Bwana Chilufya akaanza. Akasema, "Ofisi hii ni maiti. Inangoja tu wa kuizika."

Madamu akafumba macho. Halafu tumbo la Bwana Jere likaanza kucheza. Likapanda, likashuka. Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Na wewe ndiye umekuja kuosha maiti," akamjibu, "mla nyani mkubwa!"

Tukacheka sote, kwa woga kwanza. Bwana Chilufya hakucheka. Akasema paa linavuja. Bwana Jere akasema litaachaje kuvuja, nyani waliokuwa wanapanda kulitengeneza si amewala? Bwana Chilufya akasema gari la ofisi limekufa tangu Pasaka. Bwana Jere akauliza kama na hilo wamelikausha kwa moshi kama nyani. Bwana Chilufya akasema mizani inadanganya wakulima. Bwana Jere akasema mizani imejifunza kwa Wabemba.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Chilufya, akiinua karatasi yake, "mimi sitanii. Nasema kweli tupu."

"Ndivyo mnavyosema siku zote!" Bwana Jere akaanza kukohoa, Astridah akampigapiga mgongo. Akavua miwani, akafuta macho kwa tai. Akasema ametembelea ofisi nyingi mwaka huu, kote wanamlilia na kumsifia uongo. Leo ndiyo mara ya kwanza anacheka kazini. Ofisi yenye mtani wa namna hii yeye haifungi, atamtukana nani akija Kabwe? Akamwambia Madamu aandike: ofisi inabaki.

Inabaki!

Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu. Tukakumbatiana. Madamu alinikumbatia na sinia langu.

Nilipogeuka, Bwana Chilufya bado alikuwa amesimama pale pale, anaikunja karatasi yake. Hata nusu hakuwa amefika. Akaniuliza nilimnong'oneza nini yule mtu. Nikamwambia kwa furaha yote kwamba nimemsaidia, nimesema yeye ni mtani. Akaitia karatasi mfukoni, dada. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka tu.

"Paa lile litavuja, Mama Tisunge," akasema. Kisha akakichukua kitumbua kile cha mwisho, akala.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua!

Imeanza alfajiri na haijasimama. Jumamosi hatufungi wakati wa msimu, basi nikafika nimelowa. Nikafungua mlango. Ndani kunanyesha kuliko nje! Maji yanashuka juu ya meza ya Madamu, juu ya kaunta. Astridah anapokea simu chini ya mwavuli. Nimeweka masufuria yote, nimeweka hata birika.

Madamu akampigia Bwana Jere kumwambia paa linavuja kweli. Tulisikia kicheko kikitoka kwenye simu. Akasema amsalimie sana mla nyani, akakata.

Nikakumbuka mbegu. Uwii, mbegu za watu wote! Nikakimbilia ghalani, Madamu nyuma yangu, viatu mkononi.

Dada, magunia yote makavu. Yako juu ya matofali yake, plastiki imekazwa kwa kamba ya shemeji Fackson, maji yanaipiga kama ngoma na kuteremka pembeni. Hakuna hata punje iliyolowa. Na katikati ya ghala amesimama Bwana Chilufya, mikono nyuma, maji yanamdondokea kichwani.

Anatabasamu!

Sikujua ana meno. Ana meno mazuri. Akaangalia lile paa kama mtu anayemwangalia mtoto wake akihitimu.

"Nilisema," akasema. "Nilisema, Mama Tisunge. Nilisema."

Alisema karibu kwa kuimba. Halafu akaomba chai! Akanywa kikombe chote, akasema leo haina panya. Madamu akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema neno kwa sauti ya chini, sikulisikia kwa mvua.

Nimeyafikiria haya kutwa, huku nakamua matambara, na sasa nimeelewa kila kitu. Ni kitumbua! Kile kimoja alichokula jana. Ndizi mbivu inakwenda polepole mwilini, inafika moyoni siku ya pili. Nimewaeleza wote. Astridah anasema labda amefurahi kwa kuwa alisema kweli na hakuna aliyemsikiliza. Mtoto wa mjini yule, atajua nini.

Jumatatu, 18 Novemba

Barua imekuja. Ofisi inabaki, kwa mhuri! Tisunge nimeshamwambia, amelia kwenye simu, nami nimelia, tumeliana mpaka salio likaisha.

Madamu amesema hamngojei tena mtu wa Lusaka, na paa amemkabidhi Bwana Chilufya alisimamie. Amepanda ngazi asubuhi na mafundi. Ameshuka akasema mbao zote zimeoza, mabati yametoboka, na ukuta nao una ufa ambao hakuna aliyeujua. Anapiga mluzi. Kila nikipita namwekea kitumbua, na kila saa anapata jingine bovu na kuzidi kuchangamka. Unaona, dada? Dawa inafanya kazi!

Lakini sasa kuna jambo jipya, na ndilo linalonitisha.

Makao makuu wametuletea msaidizi wa ghala. Anaitwa Bwana Mwiinga, Mtonga wa Monze. Mtu huyu anacheka! Ukimsalimia anacheka. Ukimpa chai anacheka. Ndoo imemwangukia mguuni leo, akacheka mpaka akakaa chini. Bwana Chilufya alipomwambia ukuta utaanguka, akampiga begani, akasema vizuri, watapata upepo. Bwana Chilufya ameanza kununa tena.

Mtu mzima hachekicheki hivyo kama hana jambo moyoni. Namwonea huruma. Lazima nimsaidie kabla hajatuharibia.

Nimeshapata njia. Yeye Mtonga, na Madamu Inonge si Mlozi? Watani! Kesho Madamu akifunga tu mlango wa ofisi yake, nitamshauri akiteke kiti cha Bwana Mwiinga, akifunge dirishani, akidai kikombozi: kununa kwa siku moja. Madamu bado hajui, lakini atakubali, ananipenda.

Tatizo ni kamba. Ile yangu bado imefunga magunia, Bwana Chilufya hataki hata kuisikia. Basi, dada, mwambie shemeji Fackson anisokotee nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza, maana Bwana Mwiinga ana kiti cha chuma. Mpe dereva huyo huyo anayekuletea daftari hili, usingoje mpaka wiki ijayo. Na unijibu upesi macho ya Mama yakoje, na Loveness amerudi au hajarudi. Lakini kamba kwanza. Amecheka tena sasa hivi, nasikia mpaka huku jikoni.